Shangingi lipimwe kutoka siti ya nyuma kabisa

Desemba iliyopita tulitoka Mbezi Luis saa kumi alfajiri kwenda Moshi, watu saba ndani ya gari moja la kaka yangu, shangingi aliloliagiza baada ya kujibana miaka mingi. Yeye na shemeji mbele. Mama yetu na wajukuu wawili wadogo siti ya kati. Mimi na kijana wa kaka, wa miaka 13, tukapanda siti ya nyuma kabisa. Tulipofika Chalinze kijana alikuwa ameshatapika mara moja, nami nimekaa magoti yakielekea kifuani, mguu mmoja umekufa ganzi. Kaka akatutazama kwenye kioo cha ndani. "Mnaonaje huko? Limetulia, eh? Kama uko sebuleni."

Alikuwa anasema kweli. Pale alipokaa yeye, lilikuwa limetulia.

Nimeandika kuhusu magari muda mrefu, na siku ile niligundua kwamba karibu kila gari kubwa nililowahi kulisifu, nililisifia nikiwa nimeshika usukani. Wanunuzi nao hufanya hivyo hivyo. Mtu anaingia yadi, anakaa kwa dereva, anagusa ngozi ya siti, anawasha skrini, anasikiliza injini, anatoka amelainika. Halafu nyumbani anasema gari ni la familia. Familia haijakaa humo hata dakika moja. Kwa hiyo nina pendekezo moja, nami nitalitetea hadi mwisho wa makala haya: gari la kifahari la siti saba lipimwe kwanza kutoka siti ya nyuma kabisa, kwenye lami na kwenye matope, kabla mtu hajauliza lina farasi wangapi.

Tuanze na kile kinachomfanya kijana atapike. Sikio la ndani linamwambia ubongo kwamba mwili unayumba, macho yanaona kiti cha mbele kilichosimama tuli, na ubongo unachanganyikiwa. Anayekaa mbele anaiona barabara, kwa hiyo kona haimshtui. Wa nyuma anaona mgongo wa siti na kidirisha kidogo cha pembeni ambacho mara nyingi hakifunguki. Zaidi ya hapo, amekaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, mahali ambapo kila tuta na kila rasta ya barabarani inafika ikiwa na nguvu zake zote. Njia ya Moshi ina matuta na rasta karibu kila kijiji, kuanzia Kibaha hadi Himo. Ukihesabu mara ambazo gari linapunguza mwendo, linaruka, linaongeza mwendo tena, utaelewa kwa nini mtoto anafika Korogwe hataki hata kuuona mshikaki.

Hapo ndipo chuma cha chini ya gari kinapoingia kwenye mazungumzo. Toyota Land Cruiser 200, iliyotoka mwaka 2007, na 300 iliyoirithi mwaka 2021, zote mbili zina ekseli ngumu nyuma: chuma kimoja kinachounganisha tairi la kulia na la kushoto, difu, kile kifaa kinachogawa nguvu ya injini kwa matairi, likiwa katikati. Chuma hicho kinapanda na kushuka chote kwa pamoja, kwa hiyo kinahitaji nafasi chini ya sakafu. Sakafu inainuliwa. Siti ya nyuma kabisa inawekwa juu ya sakafu hiyo iliyoinuliwa, paa halipandi, na mtu mzima anabaki kukaa kama aliyekalia kigoda cha jikoni. Magoti yangu kifuani yalitokana na uamuzi wa wahandisi, na uamuzi huo una sababu nzuri ambayo nitaifikia.

Nissan Patrol ya mwaka 2010, ile inayojulikana kwa namba Y62, ilichukua njia nyingine. Kila tairi la nyuma linajitegemea, tairi moja likipanda jiwe lenzake halilazimiki kusogea. Land Rover Discovery ya kizazi cha tano na Range Rover nazo ziko hivyo. Matokeo unayaona ukifungua buti: sakafu iko chini zaidi na miguu ina pa kwenda. Kwa siti ya nyuma kabisa peke yake, bila kuangalia kitu kingine chochote, Discovery ndiyo ninayoiweka juu. Mtu mzima anakaa kama mtu mzima, na kiti cha mtoto kina mahali pa kufungiwa hata huko nyuma. Range Rover imepata siti saba kwa toleo lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2021, tena kwa bodi ndefu tu, ambayo inapita mita 5.2. Anayeegesha Kariakoo au anayeingia vichochoro vya Sinza ajue anatafuta nini kabla ya kulipenda gari la urefu huo.

Siti hizo zinakunjwaje? Hili ni swali dogo linalobadilisha safari nzima. Kwenye Land Cruiser 200 siti za nyuma zinakunjwa kwa kuinuliwa na kuning'inizwa ubavuni, kulia na kushoto, zinakula upana wa buti hata kama hamna anayezikalia. Kwenye 300 zinalala chini na sakafu inabaki bapa. Hayo ni maendeleo ya kweli, na kwa familia yana thamani kuliko skrini kubwa. Lakini zikisimama, iwe kwenye gari lipi kati ya haya, nyuma yake inabaki nafasi ya mabegi machache ya shule. Nenda ukaulize nani kati yetu anayerudi kutoka Moshi na begi la shule. Mama anafunga mikungu ya ndizi, kuna maparachichi, kuna debe la mahindi la jirani aliyesikia mnarudi mjini, na huwezi kukataa.

Basi mzigo unapanda juu kwenye keria. Hapa naomba msomaji aende taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Gari hili linaonekana kama linaweza kubeba nyumba. Matoleo ya juu ya Land Cruiser 300 yanayouzwa Australia yanaruhusiwa kubeba chini kidogo ya kilo 700, watu na mizigo kwa pamoja. Watu saba wa kilo 70 ni kilo 490. Zimebaki kama kilo 200, na humo kuna keria yenyewe, spea tairi ya pili ya mwenye tahadhari, ndoo za maji, na ndizi za mama. Land Cruiser ya kifahari inabeba mzigo mdogo kuliko ndugu yake asiye na mapambo, kwa sababu anasa nayo ina uzito: siti zenye mota, vioo vizito, spika. Kisha kila kilo unayoiweka juu ya paa inalifanya gari lilale zaidi kwenye kona. Anayelihisi kwanza ni yule yule wa nyuma kabisa.

Sasa sababu nzuri ya ekseli ngumu. Njoo nayo Saadani.

Kutoka Dar kwenda Saadani kwa njia ya Bagamoyo ni safari fupi, na wengi huichagua kwa wikiendi ya familia: hifadhi yenye ufukwe wa bahari. Kiangazi gari la kawaida lenye kimo linafika. Masika ni habari nyingine. Kuna sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka jua likiwaka na kugeuka ugali mvua ikinyesha. Unalishika tairi, unajaza vijia vyote vya tairi, na baada ya mizunguko kumi tairi lako la matope limekuwa tairi kipara. Njia ya Kibiti kwenda Mloka, kwa wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nayo ina vipande vya namna hiyo.

Pale gari linapopita mashimo yaliyopishana, tairi moja la nyuma linasukumwa juu. Kwenye ekseli ngumu, kusukumwa huko kunalikandamiza lenzake chini, likaendelea kugusa ardhi na kusukuma. Difu nalo linabaki kimo kile kile kutoka ardhini, halishuki gari likilemewa na watu saba. Gari lenye kila tairi kujitegemea, likibeba watu na mizigo, tumbo lake linashuka lote pamoja na difu. Toyota imeongeza kifaa kinachofungua vyuma vya kuzuia gari kulala, hivyo njia mbaya ikifika tairi linaruhusiwa kushuka zaidi, na kwenye lami vyuma vinakaza tena. Nissan nao waliweka mfumo wa mabomba ya haidroliki kwenye Patrol unaofanya kazi mbili hizo, na unazifanya vizuri ajabu kwa gari linalokaribia tani tatu. Land Rover wanatumia hewa: gari linajiinua likitaka kupita pabaya, linajishusha bibi akitaka kupanda.

Hilo la kushuka kwa ajili ya bibi si dogo. Mama yangu ana zaidi ya miaka 70 na magoti yake yameshachoka. Kupanda gari refu kwake ni kazi ya mikono miwili na kusukumwa mgongoni na mjukuu. Gari linaloshuka linampa heshima. Ningependa magari yote makubwa yawe hivyo.

Lakini nilishawahi kuwa Kibiti, nikirudi kutoka Mloka na rafiki, gari lake likakaa kona moja chini kama ng'ombe aliyechoka. Mfuko mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka. Taa zote za dashibodi zikawaka, tairi likawa linasugua upinde wa bodi, na fundi wa pale, kijana mwenye mikono ya dhahabu kwa magari anayoyajua, akazunguka mara mbili akasema kwa upole, "Bosi, hili mimi silijui." Brekdauni ilitoka Dar. Watoto wawili walikaa chini ya mwembe hadi jua likazama. Gari lile lile lilikuwa limevuka matope yote ya asubuhi bila jasho. Kushinda njia mbaya ni jambo moja. Kuharibikia mahali ambapo mtu wa kwanza kuliona anaweza kulitengeneza ni jingine, na ukiwa na watoto nyuma hili la pili ndilo linaloamua siku yako itaishaje.

Kuhusu matairi sitasema mengi, ila nasema kwa mkazo. Mauzo ya anasa yanapenda rimu kubwa. Land Cruiser 300 za chini zinakuja na inchi 17 au 18, za juu inchi 20, na Range Rover inafika hadi inchi 23. Rimu ikikua, ubavu wa tairi unapungua. Ubavu ndio mto unaomeza shimo, na ndio unaokuwezesha kupunguza upepo ili tairi litandaze kwenye mchanga wa Kimbiji au Buyuni. Tairi lenye ubavu mfupi ukilipunguza upepo unaikaribisha rimu ardhini, na ukipiga shimo kwa mwendo linachanika ubavuni, mahali pasipozibika pancha. Ukipewa hiari, chukua inchi 18. Utapoteza sura kidogo, na siti ya nyuma kabisa itakushukuru kwenye kila tuta. Tena uliza kama tairi la ukubwa huo linapatikana Segera au Ikwiriri usiku. Kisha angalia spea: ni tairi kamili au ni lile jembamba la dharura?

Maji yanahitaji aya yake, kwa sababu ya jiji hili la Dar es Salaam. Watengenezaji wanatangaza kina cha maji ambacho gari linaweza kupita: milimita 700 kwa Land Cruiser 300, 900 kwa Discovery na Range Rover za sasa. Takwimu hizo ni za maji yaliyotulia, sakafu ngumu, na dereva anayekwenda polepole. Jangwani masika haiko hivyo. Mto Msimbazi ukifurika, maji yanakimbia, na huoni kama lami iliyo chini bado ipo. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanatosha kuyabeba magari mengi, haya makubwa yakiwemo. Gari pana lenye milango inayoziba vizuri linaelea kama ngalawa kabla halijajaa. Nimewaona watu wakiingia Jangwani na familia nzima kwa sababu tu wanaendesha gari refu. Nawasihi wasifanye hivyo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika Somanga, na pale gari la bei yoyote lilisimama kwenye foleni moja na malori.

Nirudi kwa fundi, maana kila hoja ya gari Dar mwisho wake ni fundi.

Nguvu kubwa ya Land Cruiser katika nchi hii haiko ndani ya gari. Iko Gerezani na Kariakoo, kwenye maduka ambako unataja namba ya chasisi na kijana anakwenda nyuma kuleta kifaa. Iko kwa mafundi waliofungua magari hayo tangu enzi za injini zisizo na kompyuta. Mtu anayekwama Same au Ifakara ana nafasi kubwa ya kumpata aliyewahi kulishika. Hilo ni jambo la thamani kubwa, na ndilo linaloifanya bei ya gari hilo lililotumika igome kushuka.

Ila tusilibebe jina la zamani tukalivika gari jipya bila kulikagua. Ile 200 ya serikali tuliyoizoea ilikuwa na V8 ya dizeli ya lita 4.5. Kwenye 300 V8 haipo kabisa: kuna V6 ya dizeli ya lita 3.3 na V6 ya petroli ya lita 3.5, zote na tabo mbili, zikiunganishwa na giaboksi ya gia kumi. Ni injini bora. Ya dizeli inavuta niutoni-mita 700, kuliko V8 ile iliyoizidi kwa ukubwa, na gari zima limepungua takriban kilo 200. Lakini zina sensa nyingi, na gereji bubu yenye spana na nyundo haitoshi tena. Mwaka 2024 Toyota iliyarudisha gereji magari kama 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX 600, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini wakati wa kuichonga kiwandani. Injini hiyo ya lita 3.5 ndiyo familia ile ile inayokaa kwenye 300 ya petroli. Siandiki hili kumtisha mtu. Naliandika kwa sababu nasikia vijiweni "Toyota haifi" kama aya takatifu, na mtu ananunua gari la mamia ya mamilioni bila kulipima kwa kompyuta wala kuuliza historia yake ya sevisi.

Dizeli za kisasa zina jambo jingine. Nyingi zina kichujio cha moshi ambacho kinahitaji kuchoma masizi yake, na kinachoma vizuri gari likikimbia barabara kuu kwa muda. Gari linalotoka Mikocheni kwenda Posta kwa foleni, linazimwa, linarudi kwa foleni, halipati nafasi hiyo. Mwenye dizeli ya aina hii anahitaji kulitoa hadi Chalinze mara kwa mara, au ajiandae kwa taa ya njano. Mafuta yenyewe nayo yachague. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umezidi, na sindano za injini hizi hazina msamaha kwa dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa.

Ulaji wa mafuta watu huupa uzito kuliko unavyostahili, angalau kwa safari ndefu. Patrol ya V8 ya lita 5.6 kwa takwimu rasmi inakula lita 14.4 kwa kilomita 100. Land Cruiser 300 ya dizeli, kwa kipimo cha Japani, inakwenda kilomita 9.7 kwa lita. Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560, kwa hiyo ya kwanza itanywa lita 81 na ya pili 58. Tofauti ni lita 23. Lita ikiwa karibu na shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 69,000 hivi kwa watu saba. Si ndogo, lakini haifikii hata robo ya bei ya tairi moja la inchi 20. Foleni ya kila siku mjini ndiyo inayofilisi, na humo V8 ya petroli inakunywa kupita takwimu yoyote ya kiwandani.

Hela kubwa inaondoka kabla gari halijagusa lami yetu. Chukua gari la thamani ya 100 likiwa limefika bandarini, bima na nauli ndani yake. Ushuru wa forodha asilimia 25, linakuwa 125. Injini nyingi kati ya hizi zimezidi cc 2,000, hivyo kuna asilimia 10 nyingine juu ya hiyo 125, na gari likiwa limepita miaka kumi linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Tumefika 175. VAT asilimia 18 inalifikisha 206 na nusu, bila tozo ndogo ndogo. Gari jipya zaidi, lisilo na tozo ya uchakavu, linaishia 162. Ndiyo maana Land Cruiser 200 ya mwaka 2010, inayoonekana ya bei nafuu kwenye mnada wa Japani, inakuja kumshangaza mtu TRA. Mara nyingi ya mwaka wa karibu zaidi inakaribiana nayo kwa gharama ya mwisho, na ina miaka ya kuishi mbele yake.

Tukiwa Japani: 200 iliyouzwa kule ilikuwa ya petroli tu, ile V8 ya lita 4.6 mwishoni. Anayetamani dizeli ya V8 kama za serikali asiitafute kwenye minada ya Japani. Patrol Y62 haikuuzwa Japani kabisa, kwa hiyo yenye usukani wa kulia inatafutwa kwa tochi, Australia kwa mfano, na bei inajua hivyo. Na kwa anayeagiza 300, hesabu siti kabla hujatuma fedha, kwa sababu zipo za siti tano, na picha za nje hazitakuambia.

Mimi ningemshauri nani nini? Familia ya watu watano wanaokwenda porini mara kadhaa kwa mwaka, wakiitumia siti ya nyuma kwa mgeni wa siku moja moja, Land Cruiser 200 ya petroli ya miaka ya mwisho, iliyotunzwa, yenye rimu ndogo, bado ndiyo chaguo langu, na fedha iliyobaki isibadilishwe kuwa 300. Wenye uwezo wa 300 watapata gari bora kwa kila kipimo isipokuwa fundi wa kijijini. Familia ya watu saba wa kweli, wanaoishi Dar, wenye gereji ya kuaminika yenye mashine ya kampuni na fedha ya kuitumia, Discovery itawabeba kwa utu kuliko yote. Isipelekwe Mloka masika bila gari la pili nyuma yake.

Na kuna jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia. Nilikaa na kaka tukahesabu siku ambazo gari lake liliacha lami katika mwaka mzima. Zilikuwa tatu, na moja ilikuwa msibani. Kwa siku zote nyingine, Alphard, gari la familia la Toyota lenye mlango wa kuteleza, sakafu ya chini na dirisha kubwa nyuma, ingembeba mama na kijana kwa raha zaidi hadi Moshi, kwa sehemu ndogo ya fedha ile. Saadani wangekwenda kwa gari la kukodi lenye dereva anayeijua njia. Nilimwambia hivyo. Alikaa kimya kwa muda, kwa sababu gari lile alilitamani tangu akiwa kijana anayekaa Manzese na kuyaona yakipita, na mimi naliheshimu hilo. Tamaa ya kitu kizuri mtu alichokitolea jasho haihitaji kuombewa radhi.

Ila juzi alinipigia simu. Anataka kulibadilisha, na alikuwa ameona jingine kubwa kwenye yadi moja ya Kinondoni. Akaniomba niende naye, na safari hii akamleta mama, aliyekuwa Dar kwa matibabu ya macho. Muuzaji alimkaribisha kwa heshima zote. "Shikamoo mama, karibu mbele ukae ulione." Mama akasema, "Marahaba mwanangu. Mimi nakaa kule nyuma." Siti ya kati ikasukumwa, kijia kikafunguka. Mama akainua mguu mmoja, akaweka kwenye kipandio, akapeleka mkono juu kutafuta pa kushika. Akapapasa nguzo ya mlango, akapapasa paa, akapapasa mgongo wa siti.

"Hapa nashika wapi?"

Muuzaji akachungulia, akaangalia upande wa pili, akarudi kuchungulia tena. Hapakuwa na kishikio. Kaka akamshusha mama taratibu, akamrudishia muuzaji funguo.